Kulaza mtambo wa bunduki kwenye mbao kwa epoksi: mwongozo kamili kwa bunduki ya bolti

Ukiiona bunduki kubwa ya kuwindia ina ufa mwembamba nyuma ya mtambo, pale kidole gumba kinapolala wakati wa kulenga, usiilaumu mbao. Ufa ule unakuambia kwamba chuma hakikulala vizuri. Kila risasi ilipotoka, mtambo ulirudi nyuma, na teke ambalo lilipaswa kupokewa na ukuta mnene wa mbao ulio mbele likaishia kwenye mkia mwembamba wa chuma, ukaipiga mbao kama kabari inavyopiga gogo. Na muda mrefu kabla ya kupasuka, bunduki hiyo ilikuwa tayari inamsumbua mwenyewe: risasi mbili zinaingia karibu, ya tatu inakwenda zake.

Dawa ya matatizo yote mawili ni moja. Unaulaza mtambo juu ya tandiko la epoksi, gundi ya sehemu mbili inayoganda kuwa ngumu kama jiwe, lililochukua umbo lake halisi, ili kila ukifyatua, chuma kirudi kukaa palepale kilipokuwa. Ni kazi ya siku mbili au tatu. Haihitaji mashine kubwa, ila inahitaji mtu mwenye subira, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ni maandalizi, na kosa la dakika moja kwenye maandalizi linaweza kuigandisha bunduki nzima ndani ya mbao yake.

Nitatumia maneno machache kwa maana maalumu. Mtambo ni chuma cha katikati kinachobeba bolti, ile unayoivuta na kuisukuma kuingiza risasi na kufunga chemba, na kasiba, yaani bomba ambalo risasi hupita, imefungwa mbele yake. Mbao ni kitako chote, kuanzia begani hadi chini ya kasiba. Jino ni kipande cha chuma kinachochomoza chini ya mtambo upande wa mbele, kikazama ndani ya mbao. Hilo ndilo linalopokea teke. Mkia ni ncha ya nyuma ya mtambo.

Kwa nini mbao peke yake haitoshi

Chukua .375 H&H, risasi iliyotoka kwa Holland & Holland watengeneza bunduki wa London, mwaka 1912 na ambayo hadi leo ni ya kawaida kwa wawindaji wa nyati. Inarusha kichwa chake cha gramu 19.4 kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde. Teke la kazi hiyo lote linapita kwenye uso wa jino wenye ukubwa usiofika hata wa stempu ya barua. Kama ukuta wa mbao nyuma ya jino umechongwa upande mmoja tu ukagusa, mtambo utajipinda kidogo kila risasi. Kama haugusi kabisa, mkia ndio utakaobeba.

Halafu kuna unyevu. Kila mtu aliyeishi pwani anaujua mlango wa mbao unaofunguka vizuri kiangazi na kukwama masika. Mbao ya bunduki ni mbao kama mlango ule. Iliyokaa Dar es Salaam mwezi wa nne, ikapelekwa Rungwa mwezi wa saba kwenye ukavu, inasinyaa na kujipinda, na sehemu inayoigusa kasiba leo siyo iliyoigusa jana.

Wajerumani wa Oberndorf walilijua hili zamani. Mauser ya 1898, ambayo bunduki nyingi za kuwindia za Afrika zimetokana nayo, ilikuwa na kipande cha bomba la chuma kwenye tundu la skrubu ya nyuma ili mbao isibonyee ukikaza, na kwenye bunduki za jeshi waliweka pini ya chuma iliyopita ubavu hadi ubavu nyuma ya jino. Epoksi imekuja kukamilisha wazo lilelile.

Kabla ya kufungua skrubu

Bunduki ni silaha yenye leseni, na fundi anayetengeneza silaha za watu naye ana leseni yake. Tanzania jambo hili liko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kenya liko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kwa hiyo muulize kwanza ofisa anayeshughulikia leseni yako unaruhusiwa kufanya nini mwenyewe. Kama jibu ni kwamba kazi iende kwa fundi aliyesajiliwa, mwongozo huu utakusaidia kumsimamia na kujua kama amekufanyia kazi au amekupakia gundi tu.

Sasa toa risasi zote. Toa bolti. Tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zifungiwe chumba kingine, na bolti pia, kwa sababu hutaihitaji mpaka mwisho.

Hakikisha ugonjwa ni huo

Nimewahi kuletewa bunduki ilazwe upya, kumbe skrubu za kushikilia darubini zimelegea. Anza na mambo rahisi: skrubu za darubini, mdomo wa kasiba kama una jeraha, kasiba kama imejaa uchafu wa shaba, risasi kama ni za aina moja. Mpe pia mpigaji mwingine mzuri ajaribu. Yote hayo yakiwa sawa na bado matundu kwenye shabaha yanatawanyika, endelea.

Kuna dalili zinazosema wazi. Matundu yakijigawa makundi mawili yaliyotengana, mtambo una mahali pawili pa kukaa. Yakipanda kwenda juu kadiri kasiba inavyopata moto, kasiba inagusa mbao mahali fulani mbele. Na ukikaza skrubu ya mbele, ukalegeza, ukaona kasiba inainuka na kushuka kutoka kwenye mbao, chuma chako kinapindwa na skrubu zake chenyewe.

Kipimo hiki cha mwisho kinafaa kufanywa kwa geji ya mshale, chombo cha kupimia mwendo mdogo sana. Funga kishikio cha sumaku kwenye kasiba, ncha ya geji iguse mbao ya mbele, kisha legeza skrubu ya mbele polepole huku ukiangalia mshale. Ukisogea zaidi ya milimita 0.05, kuna msongo. Andika namba hiyo, maana utaipima tena mwishoni na ndiyo itakayosema kama umefaulu.

Vifaa

Epoksi iliyochanganywa na unga wa chuma ndiyo bora, kwa sababu haisinyai na haibonyei. Devcon Plastic Steel na Marine-Tex ndizo mafundi wengi duniani wanazotumia. Brownells wana yao iitwayo Acraglas, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Usitumie gundi ya dakika tano: itaganda kabla hujamaliza kufuta kingo, na uimara wake ni mdogo.

Utahitaji pia dawa ya kuzuia epoksi isishike chuma. Zipo za madukani, lakini mimi naiamini Kiwi isiyo na rangi, ile ya viatu. Plastisini ya watoto wa shule ya awali. Selotepu ya mafundi umeme. Patasi kali ndogo, msasa, drili. Asetoni, vitambaa, pamba za masikio. Glavu, na barakoa ya vumbi. Mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa utepe mrefu. Na bolti mbili ndefu zisizo na vichwa, zenye hesi sawa na skrubu za mtambo wako, zitakazouongoza mtambo ushuke wima.

Kuhusu glavu sina masihara. Kigandisho cha epoksi kinaweza kuizoesha ngozi vibaya hadi siku moja ukawashwa na kuvimba kila ukikikaribia, na hali hiyo haiondoki. Fanya kazi dirisha likiwa wazi.

Kuiachilia kasiba

Toa mtambo kwenye mbao na andika skrubu ipi imetoka wapi, kwa sababu mara nyingi urefu wake hutofautiana. Paka masizi ya kibatari yaliyochanganywa na tone la mafuta chini ya kasiba na mtambo, urudishe taratibu, kaza kidogo, kisha utoe. Weusi ulioachwa kwenye mbao unaonyesha chuma kinapogusa. Mara nyingi utashangaa: uso wa nyuma ya jino hauna alama kabisa, na kuna doa moja zito mbele kabisa ya mbao.

Viringisha msasa kwenye kipande cha bomba na upanue mfereji wa kasiba. Watu wengi hutosheka karatasi ikipita kati ya kasiba na mbao. Kwa mbao ya kweli, hasa itakayoishi kwenye unyevu wetu, naacha milimita 1.5 kila upande. Haipendezi sana machoni, lakini masika yakija mbao inakuwa na nafasi ya kuvimba bila kuigusa kasiba.

Kuchimba mahali pa epoksi

Epoksi nyembamba kama rangi haifai kitu. Chimba milimita 2 hadi 3 kuzunguka shimo la jino na sehemu ya mbele ya mtambo, kisha chimba hivyohivyo chini ya mkia. Lakini usichimbe kila kitu. Acha vipande vidogo vya mbao ya asili, kwa mfano kwenye kingo za pembeni, viwe kumbukumbu ya kimo. Ukichimba yote, mtambo utaelea na utashuka chini au kuinama, na utagundua epoksi ikishakauka.

Toboa vitundu vidogo viwili vitatu vilivyoinama ndani ya mbao iliyochimbwa ili epoksi ipate mizizi. Kama bunduki ni ya zamani na mbao imenyonya mafuta ya bunduki kwa miaka, sugua kwa asetoni, iache ikauke, rudia, mpaka kitambaa kitoke kisafi. Epoksi haishiki kwenye mafuta.

Hapa ndipo pa kuamua kuhusu nguzo. Nguzo ni mabomba mawili ya alumini, kipenyo kama milimita 14, yanayowekwa kwenye matundu ya skrubu ili ukikaza, chuma kikutane na chuma na mbao isibonyezwe. Kwa bunduki yenye teke kubwa naziweka daima. Toboa kwa drili ya kusimama. Drili ya mkononi itakwenda mshazari na huwezi kuirudisha. Vichwa vya nguzo vikatwe kufuata umbo la chini ya mtambo, tambarare au mviringo. Ukiwa na Mauser, kumbuka ile nguzo ya nyuma ipo tayari; angalia tu urefu wake. Na hakikisha boksi la risasi halisukumi mtambo kwa chini: liwe na pengo dogo, unene wa kadi ya simu. Boksi lililobana linaharibu kazi yote, na hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye Mauser zilizobadilishwa kutoka za jeshi.

Tepu na plastisini

Hatua hii ndiyo inayoamua kama bunduki itatoka au haitatoka.

Zungushia kasiba tepu karibu na ncha ya mbao, tabaka za kutosha kuifanya ikae katikati ya mfereji na kwa kimo chake. Kisha bandika tepu kwenye jino: uso wa mbele, pembeni mbili, na chini. Uso wa nyuma uache wazi kabisa. Tepu ikitolewa baadaye, jino litakuwa na nafasi kila upande isipokuwa nyuma, na teke lote litapokelewa na ukuta huo mmoja. Bila nafasi hiyo, jino linabanwa, na kila ukitoa mtambo unakwangua tandiko lako. Bandika tepu pia nyuma ya mkia, ili papatikane pengo. Pengo hilo ndilo linalozuia ule ufa niliouanza nao.

Sasa chukua plastisini ujaze kila tundu, kila mfereji, kila kona inayorudi ndani. Jiulize: epoksi ikiingia hapa na kuganda, chuma kitaweza kupanda wima? Kama jibu ni hapana, jaza. Toa kifyatulio na ujaze nafasi yake. Sawazisha plastisini kwa wembe iwe sawa na chuma.

Halafu Kiwi. Paka chuma chote kitakachokaribia epoksi, na hata kile unachodhani hakitakaribia, kwa sababu epoksi inatambaa. Acha ikauke dakika chache, sugua kidogo, paka tena. Mara tatu. Paka hesi za bolti za kuongoza, paka nguzo kwa ndani. Tazama kwa tochi ukitafuta mahali palipobaki pakavu. Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa akimaliza kupaka ananipa mimi nikague, kisha anakagua tena alichokagua. «Mwanangu,» aliniambia, «mahali ulipopasahau ndipo gundi itakapokwenda.»

Upande wa nje wa mbao nao ufunike kwa tepu, ili epoksi itakayofurika isiharibu rangi.

Kisha fanya jaribio kavu. Shusha mtambo kwa kufuata bolti za kuongoza, funga mpira, toa. Ukikwama kukiwa hakuna epoksi, utakwama zaidi ikiwepo.

Kuchanganya na kulaza

Pima kwa mizani ndogo, usikisie. Devcon Plastic Steel ya kawaida inachanganywa kwa uzito wa 9 kwa 1. Nyingine zina vipimo vyake kwenye kopo. Koroga polepole, ukikwangua pembeni na chini, usiingize hewa. Utakuwa na dakika kama 45 kwenye joto la nyuzi 24. Mchana wa Dar zinapungua, kwa hiyo mimi hufanya kazi hii alfajiri.

Anza na shimo la jino. Sukuma epoksi kwa kijiti kwenye kona za chini ili hewa itoke, halafu panda juu. Paka nyingine nyembamba kwenye uso wa nyuma wa jino lenyewe. Kisha sehemu ya mbele, kisha mkia. Weka nyingi kuliko inavyotosha. Inayozidi itatoka, iliyopungua itaacha mashimo.

Shusha mtambo wima, taratibu, mpaka utulie. Usikaze skrubu. Ukikaza kwa nguvu utaupinda mtambo, na epoksi itaganda ikiushika ukiwa umepinda, yaani utakuwa umeutengenezea msongo wa kudumu. Zungushia utepe wa tyubu ya baiskeli kwa nguvu ya wastani, juu ya mtambo na mkia. Unatosha kabisa.

Epoksi itafurika kwenye kingo. Futa kwa pamba ya masikio iliyochovywa siki. Baada ya saa chache, ikiwa imekuwa kama ngozi ya ng'ombe, kata kingo kwa wembe. Ikishakuwa jiwe utaitafuta kwa patasi.

Kisha iache saa 24. Iweke mlalo, mbali na jua, na usiiguse.

Kuutoa

Toa mpira, fungua bolti za kuongoza. Vuta mtambo juu, wima, bila kuyumbisha mbele na nyuma, kwa sababu kuyumbisha kunavunja kingo za ukuta wa jino. Ukigoma, piga kasiba kwa nyundo ya mpira kutoka chini, ukiwa umeshika mbao hewani. Ukigoma bado, iweke bunduki nzima kwenye friza saa mbili. Chuma, mbao na epoksi havisinyai kwa kiwango kimoja, na mara nyingi utasikia mlio mdogo wa kuachia, sauti nzuri kuliko zote katika kazi hii.

Tazama tandiko. Linapaswa kung'aa, lenye alama zote za chuma, hata mikwaruzo ya mashine. Vitundu vidogo vya hewa havina madhara. Shimo kubwa kwenye ukuta wa nyuma ya jino, hilo si la kuacha: likwangue, safisha, paka Kiwi upya, jaza.

Toa plastisini na tepu zote. Ondoa kingo kali za epoksi. Pitisha drili ya milimita 7 kwenye matundu ya skrubu kama skrubu zako ni za milimita 6.35, ili zisiguse pembeni, kwani skrubu inayogusa inajifanya jino la pili. Angalia pengo nyuma ya mkia lipo. Na mbao yote uliyoichimba au kuipiga msasa ipake vanishi, tabaka mbili, la sivyo umeifungulia unyevu mlango mpya.

Kufunga na kupima

Futa Kiwi kwenye chuma, rudisha kifyatulio, weka mtambo. Simamisha bunduki kitako kikiwa chini, kigonge taratibu kwenye sakafu yenye zulia ili jino liketi kwenye ukuta wake, kisha kaza. Skrubu ya mbele kwanza, ya nyuma ifuate. Kwa mbao yenye nguzo, 7.3 Nm (nyutoni-mita), bila nguzo usipite 4.5 Nm. Tumia spana ya kupimia ukazaji.

Rudia kipimo cha geji. Bunduki iliyokuwa inasogea milimita 0.2 sasa mshale unapaswa usitikisike, au usogee chini ya 0.05. Kisha hakikisha bolti inafunga na kufunguka, kifyatulio kiko huru, kizuizi cha usalama kinafanya kazi, na risasi za mazoezi zisizo na baruti zinapanda kutoka kwenye boksi bila kukwama.

Mahali bunduki inapopiga patakuwa pamehama, kwa hiyo usiende nayo porini kabla ya kuiwekea darubini upya kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Piga risasi tatu kwa mita 100, acha kasiba ipoe kabisa, piga tatu nyingine, mara nne. Dakika moja ya pembe, kipimo ambacho wapigaji hupimia mtawanyiko wa matundu, kwa umbali huo ni milimita 29, na bunduki nzuri ya kuwindia ikiweka makundi yake yote ndani ya milimita 40, mahali palepale, ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto, imelala vizuri. Kundi moja dogo la bahati halinishawishi. Ninachotafuta ni makundi manne yanayokaa juu ya kituo kimoja.

Piga mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaovuka kichwa cha skrubu na chuma kilicho pembeni yake, utaona kwa jicho kama imelegea. Baada ya risasi 20 za kwanza kaza tena kwa kipimo kilekile, na masika yakipita, pitisha karatasi chini ya kasiba kuanzia ncha ya mbao hadi ifike kwenye mtambo.